Gazeti Ambalo Halikuchapwa: Muthoni Likimani na Habari za Wanawake wa Mlima Kenya

Utangulizi

Mwaka 1985 kampuni ya Macmillan ilitoa kitabu cha Muthoni Likimani kiitwacho Passbook Number F.47927: Women and Mau Mau in Kenya. Kitabu hicho kinasimulia maisha ya wanawake wa Kigikuyu katika Hali ya Hatari, ambayo ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952 na kuondolewa Januari 1960. Namba iliyomo katika anwani yake ni namba ya kitabu cha pasi ambacho mwandishi mwenyewe alilazimika kutembea nacho katika miaka hiyo.

Wanahistoria hawapati taabu kubwa na kitabu hiki, kwani kwao ni ushahidi. Taabu huwa kwa mhakiki wa fasihi. Akikiendea kwa vipimo vya riwaya, ataona kwamba hakina mhusika mkuu mmoja, hakina msuko unaoanza kwa mgogoro na kufikia kilele kisha suluhisho, na kwamba masimulizi yake yanasimama kila moja kwa miguu yake. Akikiendea kwa vipimo vya tawasifu, ataona kwamba mwandishi ametoa namba ya pasi yake katika jalada kisha akawaachia wanawake wengine kurasa za ndani. Hivyo ni rahisi kuhukumu kwamba kitabu kina maudhui mazito na fani dhaifu, na hukumu ya namna hiyo mara nyingi ndiyo inayokitoa kitabu katika orodha ya vitabu vya kufundishia.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba tatizo limo katika kipimo. Passbook Number F.47927 kinaeleweka vizuri zaidi kikisomwa kama gazeti dogo la jamii: gazeti la wanawake wa Murang'a, Nyeri na miji mingine iliyo chini ya Mlima Kenya, ambalo lilistahili kuwako katika miaka ya 1950 na ambalo halikuweza kuwako. Ili kuthibitisha dai hili, itabidi kwanza kutazama magazeti yaliyokuwako katika eneo hilo na nafasi ya mwanamke ndani yake, kisha kazi ambazo Likimani alizifanya kabla na wakati wa uandishi wake, na mwisho fani ya kitabu chenyewe pamoja na upungufu wake.

Magazeti ya Eneo la Mlima Kenya

Eneo la Mlima Kenya lina historia ndefu ya magazeti madogo. Mwaka 1916 wamisionari wa Consolata walianza kuchapisha huko Nyeri gazeti la Kigikuyu lililoitwa Wathiomo Mukinyu, yaani Rafiki wa Kweli. Mwaka 1928 chama cha Kikuyu Central Association kilianzisha Muigwithania, yaani Mpatanishi, na mhariri wake akawa Johnstone Kenyatta, ambaye baadaye alijulikana kama Jomo Kenyatta. Mwaka 1945 Henry Muoria, mzaliwa wa Kiambu, aliacha kazi yake ya ugadi wa reli akaanzisha Mumenyereri, yaani Mlinzi, ambalo liliendelea kutoka mpaka lilipopigwa marufuku mwaka 1952. Naye Gakaara wa Wanjau, mzaliwa wa Tumutumu huko Nyeri, ambaye alisoma Alliance High School na kufanya kazi jeshini, alianza kuchapisha vitabu na majarida ya Kigikuyu katika miaka ya 1940, akakamatwa ilipotangazwa Hali ya Hatari, na baada ya kuachiliwa akaendelea na uchapishaji wake katika mji mdogo wa Karatina.

Watu hawa hawakuzaliwa wahariri. Mmoja alitoka relini, mwingine jeshini, na kazi hizo za awali ziliwapa mambo matatu ambayo gazeti dogo haliwezi kuishi bila hayo: mshahara wa kuanzia, lugha ya watawala, na uzoefu wa kusafiri na kuwafahamu watu wa wilaya nyingine. Mtu aliyekuwa gadi wa reli aliijua njia ambayo furushi la magazeti lingepitia. Kwa hiyo historia ya gazeti dogo ni historia ya kazi zilizotangulia gazeti hilo.

Hapa ndipo swali la mwanamke linapoingia. Katika magazeti haya mwanamke hakukosekana hata kidogo. Wanaume waliobishana katika kurasa za Muigwithania walijadili mahari, tohara ya wasichana, na wanawake waliokwenda kufanya biashara Nairobi bila ruhusa ya waume au baba zao. Mzozo wa tohara wa mwaka 1929, uliowatenganisha wamisionari na sehemu kubwa ya Wagikuyu, ulikuwa mzozo juu ya mwili wa mwanamke. Mwanamke basi alikuwa habari, lakini aliyeiandika habari hiyo, kuihariri na kuitia sahihi kwa kawaida alikuwa mwanamume. Judith Nyamurwa, mke wa Muoria, alishiriki katika kazi ya Mumenyereri, lakini gazeti hilo linakumbukwa kwa jina la mumewe.

Sababu ya hali hii haikuwa uhaba wa wanawake wenye jambo la kusema. Tarehe 16 Machi 1922, umati ulipokusanyika Nairobi kudai kuachiliwa kwa Harry Thuku, Mary Muthoni Nyanjiru wa Murang'a aliwatahayarisha wanaume waliotaka kutawanyika, akawa miongoni mwa waliouawa kwa risasi siku hiyo. Mwaka 1948 wanawake wa Murang'a walikataa kuendelea kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko wa udongo, kazi iliyokuwa imewaangukia wao kwa amri ya serikali na machifu. Sababu ya kutokuwako kwa mhariri mwanamke ilikuwa ya kimsingi zaidi, nayo ni mgawanyo wa elimu na mali. Alliance High School ilifunguliwa kwa wavulana mwaka 1926, na shule ya wasichana ya kiwango hicho ikafunguliwa hapo Kikuyu mwaka 1948. Tofauti ni miaka 22, na katika miaka hiyo karibu magazeti yote yaliyotajwa hapo juu yalikwisha kuanzishwa. Kazi za reli na jeshi hazikuwa wazi kwa mwanamke. Zilizokuwa wazi ni ualimu wa shule za misheni, uuguzi, shamba na soko.

Hali ya Hatari ilipotangazwa, magazeti ya Kigikuyu yalifungwa. Hivyo katika miaka ambayo wanawake wa Mlima Kenya walipata mateso makubwa kuliko wakati wowote mwingine wa ukoloni, hapakuwa na gazeti la lugha yao, liwe la wanaume au la wanawake, ambalo lingeweza kuandika yaliyotokea. Pengo hilo ndilo linaloeleza umbo la kitabu cha Likimani.

Kazi Zilizotangulia Kitabu

Muthoni Likimani alizaliwa Kahuhia, Murang'a, katika kituo cha misheni ya Kianglikana, akiwa binti wa Levi Gachanja, mmoja wa Waafrika wa mwanzo kupewa upadri katika kanisa hilo. Alisomeshwa na misheni, akawa mwalimu. Baadaye alikwenda Uingereza, akafanya kazi ya utangazaji katika BBC, na aliporudi Kenya alitayarisha vipindi vya redio kwa ajili ya wanawake na watoto. Kisha alianzisha kampuni yake mwenyewe ya matangazo na uchapishaji, Noni's Publicity. Mwaka 1974 vitabu vyake viwili vilitolewa na East African Literature Bureau: They Shall Be Chastised, kinachohusu mgongano wa misheni na mila, na What Does a Man Want?, ambacho ni masimulizi ya mashairi huru kuhusu wanawake na matatizo yao na wanaume.

Mhakiki aliyezoea kumtenga mwandishi na kazi zake nyingine ataiona orodha hii kama mapambo ya wasifu. Lakini kila kazi katika orodha hii ilimfundisha Likimani stadi fulani, na stadi hizo zinaonekana katika Passbook Number F.47927. Mwalimu wa shule ya msingi hujifunza kueleza jambo moja kwa wakati mmoja, na kulirudia ili aliye nyuma alifikie. Mtangazaji wa redio hujifunza kwamba kipindi kina mwanzo na mwisho wake, na kwamba msikilizaji wa leo huenda hakusikiliza jana. Kwa hiyo kila kipindi lazima kijitosheleze. Mwenye kampuni ya matangazo hujifunza kwamba jina la kitu lina nguvu, na kwamba mtu huvutwa na kichwa cha habari kabla hajasoma habari yenyewe. Stadi hizi tatu kwa pamoja ndizo stadi za gazeti dogo.

Likimani hayuko peke yake katika njia hii. Katika Afrika Mashariki mfano mkongwe ni Siti binti Saad, aliyezaliwa kijijini Fumba, Unguja, akauza vyungu mjini, na kisha akawa mwimbaji ambaye sauti yake ilirekodiwa Bombay mwaka 1928. Baadhi ya nyimbo zake zilisimulia mambo yaliyotokea mitaani na mahakamani, kama ule wimbo wa Kijiti unaohusu kesi ya mauaji ya mwanamke. Kwa wasikilizaji wasiojua kusoma, wimbo kama huo ulifanya kazi ya ukurasa wa habari. Si ajabu basi kwamba wanawake waandishi wa Tanzania walipounda chama chao, TAMWA, mwaka 1987, na kuanza kutoa jarida lao mwaka uliofuata, waliliita Sauti ya Siti. Waliona kwamba muuza vyungu aliyegeuka mwimbaji ni mama halali wa jarida la wanawake.

Mfano mwingine unatoka mbali zaidi, nao unafaa kwa sababu unaonyesha umbo la gazeti la namna hii linapopata nafasi ya kuishi. Mwaka 2002, katika wilaya ya Chitrakoot kaskazini mwa India, wanawake wa vijijini, wengi wao wa matabaka yanayodharauliwa na wengine wakiwa wamejifunza kusoma ukubwani, walianza kutoa gazeti liitwalo Khabar Lahariya. Neno khabar ni lilelile tunalolitamka habari. Gazeti hilo lilikua kutokana na jarida dogo la darasa la kisomo, likaandikwa kwa lugha ya wenyeji wa hapo, na mwaka 2009 kazi hiyo ikapata tuzo ya UNESCO ya kisomo. Baadaye lilihamia katika intaneti. Waliolianzisha na kuliendesha hawakutoka katika vyuo vya uandishi wa habari. Walitoka katika kazi za nyumbani, za shambani na za kibarua, na kwa hiyo walijua bei ya nafaka, kisima kilichokauka, na afisa anayedai hongo. Habari zao zilianzia pale walipokuwa wakifanya kazi.

Fani ya Kitabu

Tukirudi sasa kwa Passbook Number F.47927 tukiwa na kipimo hiki, mambo yaliyoonekana kuwa kasoro yanaanza kuonekana kwa namna nyingine.

Kwanza ni suala la mhusika mkuu. Kitabu ni mkusanyiko wa masimulizi yenye ubunifu yaliyojengwa juu ya matukio halisi, na kila simulizi lina wanawake wake. Hakuna shujaa mmoja anayebeba mateso ya wote. Hapa inafaa kukilinganisha na Daughter of Mumbi cha Charity Waciuma, kilichotoka mwaka 1969 na ambacho nacho kinahusu utoto na ujana katika Murang'a ya ukoloni. Waciuma anatumia nafsi moja. Dunia yote inapita katika macho ya msichana mmoja anayekua. Mbinu hiyo ina nguvu yake, kwani msomaji anakua pamoja na msichana huyo. Lakini mateso ya Hali ya Hatari hayakuwa na mlengwa mmoja. Kufikia mwisho wa mwaka 1955 watu zaidi ya milioni 1 walikuwa wamehamishwa kwa nguvu na kutiwa katika vijiji zaidi ya 800, na kwa kuwa wanaume wengi walikuwa kizuizini, msituni au mjini, waliobaki kuvijenga na kuvijaza vijiji hivyo walikuwa wengi wao wanawake, watoto na wazee. Kwa jambo la ukubwa huo, mwandishi anayechagua mhusika mmoja analazimika kumfanya awe mfano wa wote. Likimani amekataa njia hiyo. Amefanya kama mhariri anayegawa kurasa: kila mwanamke na nafasi yake, na hakuna anayesemea wenzake.

Pili ni suala la msuko. Masimulizi haya hayaelekei kileleni kwa pamoja. Kinachoyafunga ni amri za serikali: amri ya kuhamia kijijini, amri ya kazi ya kulazimishwa, amri ya kutotoka nje usiku, amri ya kuomba kibali kabla ya kusafiri. Katika riwaya ya kawaida tukio moja huzaa jingine kwa sababu ya hulka na uamuzi wa wahusika. Katika maisha ya wanawake hawa sababu ya matukio ilikuwa nje yao. Ilitoka katika ofisi ya mkuu wa wilaya na kufika mlangoni kupitia chifu na walinzi waliojulikana kwa Kigikuyu kama ngati. Kuwapa msuko wa riwaya kungekuwa kuwapa uhuru ambao hawakuwa nao. Umbo la habari, ambalo hutoa amri kwanza na kisha kuonyesha iliwafanya nini watu, linasema ukweli zaidi juu ya hali hiyo.

Tatu ni namna kazi inavyoelezwa. Sehemu zinazohusu kazi ya kulazimishwa ni miongoni mwa sehemu zenye nguvu katika kitabu. Historia inaeleza kwamba katika miaka hiyo lilichimbwa handaki la karibu maili 50 ili kutenga vijiji na msitu wa Mlima Kenya, na kwamba wanawake walikuwa sehemu kubwa ya nguvukazi. Maili 50 ni idadi ya mkuu wa wilaya. Mwenye jembe mkononi huihesabu kazi kwa njia nyingine. Likimani anaileta kwa msomaji katika kipimo cha siku moja ya mwanamke: kuamka, kupanga foleni, kuchimba chini ya ulinzi, na kurudi jioni kwa watoto ambao hawajala, kuni hazijaokotwa na maji hayajatekwa. Anayeandika hivi ni mtu anayejua kwamba kazi ya mwanamke haiishi kazi ya serikali inapoisha. Ndivyo mwandishi wa gazeti la jamii anavyofanya kazi: anachukua jambo ambalo serikali imelitaja kwa takwimu na kulieleza kwa saa na kwa sufuria.

Nne ni anwani. Kipande kilianza kwa wanaume, na kwa miaka mingi kilikuwa alama ya kufanywa kibarua. Hali ya Hatari ilipowaletea wanawake wa Kigikuyu kitabu cha pasi, iliwaingiza katika hesabu ya dola kwa mara ya kwanza kwa njia hiyo, na iliwaingiza kama washukiwa. Mwandishi mwingine angelificha jina la mwanamke nyuma ya namba ili kuonyesha kwamba ukoloni ulimnyima utu. Likimani anafanya zaidi ya hapo. Ameichukua namba iliyokusudiwa kumwezesha askari wa njiani kumtambua, akaifanya kichwa cha habari. Namba ambayo ilikuwa siri baina ya mwenye pasi na mkaguzi imetangazwa kwa kila apitaye dukani. Ni kitendo cha mtu aliyefanya kazi ya matangazo, nacho ni cha kisiasa kuliko maelezo mengi yaliyomo katika kurasa za kitabu.

Inafaa pia kukumbuka kitabu kilichotoka miaka miwili kabla ya hapo. Mwaka 1983 Gakaara wa Wanjau alichapisha shajara yake ya kizuizini, Mwandĩki wa Mau Mau Ithaamĩrio-inĩ, na mwaka 1984 ikapata tuzo ya Noma. Shajara hiyo nayo haina msuko wa riwaya wala haikuombwa iwe nao. Ilipokelewa kwa kipimo chake. Haki iliyotolewa kwa shajara ya mwanamume wa Karatina yafaa itolewe pia kwa habari za wanawake zilizokusanywa na mwanamke wa Kahuhia. Tofauti ni kwamba shajara ni umbo linalojulikana na lenye jina katika vitabu vya nadharia, ilhali gazeti lililogeuzwa kitabu halina jina. Mhakiki asikikatae kitu kwa sababu tu hajakipa jina.

Upungufu wa Kitabu

Kutetea umbo la kitabu si kukisamehe kila kitu. Kipimo cha gazeti la jamii kinaonyesha upungufu ambao kipimo cha riwaya kisingeuonyesha, na mkubwa kuliko wote ni suala la msomaji.

Gazeti la jamii huandikwa kwa lugha ya wanaohusika, huuzwa mahali wanapopita, na wao wenyewe huweza kulijibu. Kitabu cha Likimani kiliandikwa kwa Kiingereza na kutolewa na kampuni ya Uingereza, kikiwa na utangulizi wa mtaalamu wa Marekani, Jean O'Barr. Mwanamke aliyechimba handaki mwaka 1954 akiwa na umri wa miaka 25 alikuwa na miaka 56 kitabu kilipotoka. Kama alikuwa amejifunza kusoma, yaelekea alijifunza kwa Kigikuyu, katika Biblia na kitabu cha nyimbo. Habari zake basi zilichapwa katika lugha ambayo hangeweza kuisoma ili kuona kama zimeandikwa sawasawa. Hakuna barua kwa mhariri inayoweza kutoka kwake.

Upungufu huu umeingia mpaka katika mtindo. Mara kwa mara masimulizi yanasimama ili kueleza desturi au neno la Kigikuyu ambalo hakuna mtu wa Murang'a anayehitaji kuelezwa. Maelezo hayo ni ya mgeni. Katika gazeti la Karatina yangefutwa na mhariri, na nafasi yake ingejazwa na mambo ambayo wenyeji wenyewe wangetaka kuyajua: nani alitoa majina kwa ngati, nani aligawana chakula na jirani, nani alichukua shamba la nani wakati mwenyewe yuko kizuizini. Maswali hayo ya mwisho ni mazito, kwa kuwa waliokuwa walinzi na waliokuwa wakilindwa waliendelea kuishi katika vijiji hivyohivyo baada ya uhuru, wakikutana sokoni na kanisani. Mwandishi anayemwandikia mgeni anaweza kuyapita kwa mbali. Mwandishi anayewaandikia wenyeji hangeweza, na pengine hiyo ni sababu nyingine iliyofanya Kiingereza kiwe rahisi.

Pia baadhi ya wahusika ni bapa. Walinzi na machifu wengi ni katili kwa namna moja, na wanawake wengi ni wavumilivu kwa namna moja. Habari fupi huruhusu jambo hilo, kwa maana haina nafasi ya kuchimba nafsi ya mtu. Lakini gazeti zuri huponya udhaifu huo kwa wingi wa toleo: aliyeonekana mbaya wiki hii ataonekana akizika mwanawe wiki ijayo. Kitabu kilichotoka mara moja hakina wiki ijayo.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba Passbook Number F.47927 si riwaya iliyoshindwa. Ni mkusanyo wa habari uliofanywa na mwanamke ambaye ualimu, redio na biashara ya matangazo vilimfundisha kazi ya mhariri, na ambaye alizaliwa katika eneo lenye magazeti mengi yaliyowazungumzia wanawake na machache mno yaliyowapa kalamu. Nguvu za kitabu, yaani wingi wa sauti, utii kwa kazi ya kila siku na ujasiri wa anwani yake, ni nguvu za gazeti dogo la jamii. Udhaifu wake mkubwa, yaani kuwaendea wasomaji wasiohusika, ni udhaifu wa gazeti lililokosa mahali pa kuchapwa kwa wakati wake na kwa lugha yake.

Kutokana na haya yapo mambo mawili yanayozihusu idara za lugha za Kiafrika moja kwa moja. La kwanza ni kwamba kitabu hiki kinastahili kusomwa darasani kwa Kiswahili na kwa Kigikuyu, pamoja na shajara ya Gakaara na pamoja na magazeti yenyewe, ili mwanafunzi aone jinsi jamii moja ilivyojiandika katika maumbo mbalimbali. La pili ni la haraka zaidi. Mwanamke aliyekuwa na miaka 15 mwaka 1954 alizaliwa mwaka 1939. Wanawake wa umri huo katika Nyeri, Murang'a, Embu na Meru wanazidi kupungua kila mwaka, na kila mmoja wao anakijua kijiji alichofungiwa, jina la mlinzi wake, na wimbo ulioimbwa handakini. Mwanafunzi anayetoka katika maeneo hayo na kuja chuoni kujifunza uhakiki ana nyanya au jirani ambaye bado anaweza kumsahihisha Likimani kwa lugha yake mwenyewe. Masahihisho hayo yakikusanywa na kuandikwa kama yalivyosemwa, kitabu cha mwaka 1985 kitakuwa kimepata hatimaye barua kutoka kwa wale waliokuwa habari zake.